Kisu cha Mzee Idarous

Jumapili, tarehe 1 Juni

Madaraka Dei. Nimefunga duka mapema. Siku za sikukuu watu wa Kimbo hawanunui mabeseni.

Simu imetoka Thika. Mama mkwe, Bi Kulthum, amemwambia mke wangu Farhiya kwamba Ijumaa, siku ya Idi, atakitoa kabatini kisu cha marehemu na kumkabidhi mtu. Farhiya akauliza nani. Mama akasema tutajua hiyo hiyo siku.

Kisu chenyewe nikieleze hapa, ili siku moja binti yangu Ikhlas akisoma shajara hii ajue babake alipigania nini. Baba mkwe, Mzee Idarous, alichinja kwa kisu hicho kila Idi Kubwa, uani kwake pale Majengo. Mpini mweusi, ubapa umelika katikati kwa kunolewa. Mwenye kisu ndiye aliyegawa nyama. Ndiye aliyekalia kiti cha mbao. Ndiye aliyeulizwa binti wa fulani aolewe au asubiri. Mzee alitutoka Novemba, Mungu amrehemu. Hakuacha mtoto wa kiume. Ameacha wakwe wawili, na mimi ndiye niliyeoa kwanza.

Wa pili ni Irshad, mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake Farhiya. Anakaa Githurai 45, anauza simu. Ni mrefu. Ana meno yote. Husaidia watu bila kuombwa, jambo ambalo binafsi nalitilia shaka.

Sina wivu naye.

Jioni ametuma picha kwenye kundi la familia. Mbuzi mweupe, mnene, amesimama kando ya gari lake jipya. Sikujua tunaonyeshwa mbuzi au tunaonyeshwa gari, nikatazama vyote viwili hadi Farhiya akaniuliza kama simu yangu imeganda. Mke wa Irshad ameweka mioyo. Mama ameweka mikono ya dua. Mimi nimeandika Mashallah. Kidole kilikataa mara ya kwanza.

Nimerudi juu nikasoma pale nilipoandika sina wivu. Shajara ni siri, basi niseme kweli. Ninao, na unaniwasha kama upupu. Si gari. Mwaka ule Irshad alipooa, Mzee alimkalisha kizingitini, akamwekea jiwe mapajani, akamfundisha kunoa. Niliwaona. Walikuwa wakicheka. Mimi nilikuwa nimetumwa makaa. Na kila Idi ikawa hivyo: wao jiwe na kisu, mimi gunia la makaa begani.

Nimeamua. Kisu nitakichukua mimi. Ramani iko upande wangu, kwa sababu mtu wa Githurai lazima apite hapa Kimbo ndio afike Thika.

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimeenda Kamakis kutafuta mbuzi. Nilibeba picha ya Irshad kwenye simu ili nipate kipimo. Nilikuwa nimehesabu urefu wa mbuzi wake kwa kulinganisha na tairi la gari, na nikamwambia mwuzaji, jamaa anaitwa Erastus, kwamba nataka anayezidi hapo.

Erastus akatazama picha kwa muda. Akasema yule ni mbuzi mzuri sana. Nikamwambia sikumuuliza hilo.

Wanene walikuwa wameshachukuliwa. Alibaki mmoja wa kahawia, mbavu nje, macho ya kutafuta ugomvi. Nikakaribia kuondoka. Ndipo nikaona pembe. Ndefu, zimepinda nyuma, ncha zimechomoza pembeni. Mbuzi wa Irshad ana vijipembe tu. Erastus aliona macho yangu yakibadilika. "Boss, hii ni mbuzi ya heshima," akasema. "Watu wataiona ikiwa bado iko kwa barabara."

Nikamchukua. Nimempiga picha kutoka chini kwenda juu, pembe zikajaa. Nimeituma kwenye kundi. Mama ameweka mikono ya dua. Irshad ameandika: "Mashallah kaka, pembe safi sana." Sipendi alivyosema pembe tu.

Farhiya ameuliza mbuzi atalala wapi, sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Sikuwa nimefika hapo katika mpango. Amelala dukani.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Asubuhi nimekuta mbuzi amevunja mabeseni na kutafuna mishikio ya ndoo. Mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi alitaka kuingia, akamwona amesimama juu ya madumu, akasema atarudi baada ya Idi.

Kuna jambo moja dogo. Sijawahi kuchinja. Hata kuku huwa nanunua aliyekwisha katwa. Miaka hiyo yote uani kwa Mzee nilikuwa nikirudi na makaa wakati mbuzi ameshaning'inizwa. Damu na mimi hatupatani. Lakini mwenye kisu akisema yeye hawezi, kisu kitaenda kwa nani? Kwa mrefu mwenye meno.

Kwa hiyo nimenunua kuku mzima wa kufanyia mazoezi. Nikampandisha ghorofani, nikafunga mlango wa roshani, nikashika kisu cha jikoni. Kuku akanitazama kwa jicho moja. Nikamgeuza upande wa pili, akanitazama kwa lile lingine. Nikakaa chini kidogo.

Ikhlas alirudi shuleni akatukuta tumekaa vivyo hivyo. Sasa kuku anaishi roshani. Ikhlas amempa jina Anko, kwa sababu anasema ni mpole kama Anko Irshad.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Irshad amepiga simu. Anasema Ijumaa atapita Kimbo alfajiri atuchukue sote, gari lina nafasi, tufike pamoja tukaswali Idi Thika na Mama. Mbuzi wangu angemtafutia usafiri siku moja kabla, kama wake. Sauti imejaa wema. Nilimsikiliza huku nikibana meno.

Unaona mchezo wake? Nishuke mbele ya Mama kutoka gari la Irshad, kiti cha nyuma, kama mtoto.

Nikamwambia asijisumbue, nina gari. Nikaongeza kwamba Mama amebadilisha mpango, watu wafike saa nne hivi baada ya kuswali kila mtu kwao. Hilo nililitunga hapo hapo, na nilishangaa lilivyotoka vizuri. Irshad akasema sawa kaka. Hakuuliza hata swali. Mtu wa namna hiyo kumdanganya hakuna raha.

Sasa limebaki gari.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Siku ya Arafa. Nimefunga. Nimeazima Probox ya jirani yangu Ndegwa, anayopelekea mboga sokoni. Ndegwa alinizungusha gari zima akinieleza tabia zake. Mlango wa nyuma upige teke chini kushoto. Dirisha la dereva usilishushe, halirudi. "Na hiyo mbuzi isiniguse kiti," akasema. "Jumamosi nabeba watu wa kanisa." Nikamwapia kwamba mbuzi hataguswa na kiti wala kiti hakitaguswa na mbuzi.

Mkewe, Emmah, akauliza kwani safari ni ya wapi yenye maandalizi hivi. Nikasema Thika. Wakatazamana. Ni kweli kutoka hapa ni karibu, mtu hata chai haipoi, lakini si kila safari hupimwa kwa umbali.

Tutatoka mara tu baada ya alfajiri. Nitafika kwanza. Mama atafungua mlango, ataniona nimesimama na mbuzi mwenye pembe, Irshad bado amelala Githurai akingoja saa nne. Atampa nani kisu? Nimefuturu kwa hamu kubwa.

Ijumaa, tarehe 6 Juni. Idi.

Naandika nikiwa ndani ya gari la Ndegwa, nje ya nyumba ya Mama, Majengo. Wengine wako ndani wanakula pilau. Nimesema naangalia injini.

Nianze mwanzo. Tulitoka vizuri. Farhiya na buibui jipya, Ikhlas na gauni la manjano, mbuzi nyuma. Barabara nyeupe. Tulipita Ruiru bila kusimama na nikaanza kupiga mluzi. Farhiya akauliza mbona tunakimbia hivi, swala bado. Nikasema napenda asubuhi.

Karibu na Juja mbuzi alipenyeza kichwa katikati ya viti vya mbele. Mimi nilimwona kwenye kioo, nikadhani anataka kuona njia. Kumbe alikuwa akimtazama Farhiya. Alianza na mtandio, akashuka kwenye buibui, na Farhiya alipogeuka, begani palikuwa na tundu la kupita mkono. Akapiga kelele. Nikakanyaga breki. Mbuzi akaruka mbele, kisha akarudi nyuma, na zile pembe zilizonifanya nimnunue zikanasa kwenye kile kiegemeo cha kichwa cha kiti cha Farhiya.

Nilivuta. Farhiya alisukuma. Ikhlas alicheka. Mbuzi naye alilia kwa sauti ya binadamu hadi watu wa bodaboda wakasimama kutoa ushauri.

Ndipo nikasikia honi. Fupi, ya adabu. Irshad! Kanzu nyeupe isiyo na hata kunyanzi, mke na watoto wamenyooka nyuma. Aliniambia alimpigia Mama jana kumtakia kheri ya Arafa, na Mama akamwambia mpango haujabadilika, huenda mimi nilisikia vibaya. Alisema hivyo mbele ya Farhiya, kwa upole, akiniachia mlango wa kutokea. Sijui kitu kinachoudhi kuliko kusetiriwa na Irshad.

Akamwomba mkewe mafuta ya kujipaka. Akazipaka zile pembe taratibu, akimwambia mbuzi pole, pole. Zikateleza zikatoka. Mbuzi akamlamba mkono. Mbuzi wangu mwenyewe, niliyemlaza dukani!

Farhiya hakuweza kwenda uwanjani kuswali bega wazi. Mke wa Irshad alikuwa na buibui la ziada garini, bila shaka alikuwa nalo. Basi Farhiya akahamia huko. Ikhlas alikuwa ameshahamia kitambo. Hakuniaga. Vioo vya gari lile vinajifunga vyenyewe, na niliviona vikipanda kimoja baada ya kingine. Nikabaki na mbuzi, na kiegemeo cha Ndegwa kikining'inia.

Nilipofika Thika, watu walikuwa wakitandika mikeka uwanjani. Gari la Irshad lilikuwa mstari wa mbele. Nilimwona Mama kwa mbali, amemshika Irshad mkono akivuka mtaro. Mama ana magoti mabaya. Huo mkono ulistahili kuwa wangu. Hapo hapo wazo likaja. Nyumbani hakuna mtu. Wakirudi wakikuta kazi imekwisha, nyama imening'inia, kisu mkononi mwangu, kutakuwa na mjadala gani tena? Nikageuza gari.

Uani Majengo nikakuta mbuzi wawili wamefungwa. Yule mweupe wa kwenye picha, na mwingine mweusi, mnene vilevile. Wameletwa jana. Wawili! Kumbe mmoja hakumtosha. Alitaka nisimame pale na pembe zangu huku yeye akichinja wawili mfululizo. Kama nilikuwa na shaka kidogo, iliishia hapo.

Nyumbani alikuwepo Nekesa peke yake, anayeishi na Mama na kumsaidia kazi. Alikuwa jikoni akikata vitunguu. "Kwani baba Ikhlas, wewe huendi kuswali?" akaniuliza. Nikamwambia nimetumwa nianze. Akasema Mama ameacha neno kwamba asiguse mtu kitu chochote hadi arudi. Nikamweleza kwamba Mama alimaanisha sufuria. Nekesa alinitazama. Halafu akarudi kwenye vitunguu vyake.

Kisu kilikuwa kabatini, kimefungwa ndani ya leso. Nilikifungua. Chepesi kuliko nilivyodhani.

Nilimwomba Nekesa anishikie miguu ya mbuzi wangu, akakataa, akasema hiyo ni mambo ya dini yetu na yeye atashika vitunguu. Nikafunga mwenyewe kwa kamba. Nikamuuliza Mzee alikuwa akimwelekeza mbuzi wapi kupata kibla, akaonyesha kwa kidole upande wa tangi la maji. Mbuzi alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu Kamakis. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar. Nilikuwa nimepanga kufumba macho lakini sikuyafumba. Mara moja tu, kisu kikapita, kikaisha.

Niliweza. Mimi. Nilisimama pale na machozi yakanitoka. Nekesa akaniuliza kama ninalia, nikasema ni vitunguu. Akasema vitunguu viko jikoni.

Nilimning'iniza, nikachuna kadiri ya uwezo wangu. Nikanawa. Nikakaa kwenye kiti cha mbao cha Mzee, kisu mapajani. Kutoka uwanjani ilisikika takbira kwa kipaza sauti, na nikaitikia hapo nilipo kwa sauti nzito. Niseme kweli, ulikuwa muda mzuri kuliko yote niliyopata katika nyumba ile. Nilijiona nimefanana naye.

Wakarudi. Mama mbele, mkono wa Irshad. Alisimama mlangoni mwa ua. Akatazama nyama, akatazama kiti, akanitazama. Akaniuliza polepole, baba Ikhlas, ulichinja saa ngapi. Nikasema mapema, Mama, ili msisumbuke. Akauliza kama imamu alikuwa ameshaswalisha. Nikasema sijui, nilikuwa na kazi huku.

Kisha Ikhlas, ambaye huenda madrasa kila Jumamosi, akatoa somo lake kwa sauti ile ya darasani: anayechinja kabla ya swala ya Idi, hiyo ni nyama tu ya kula, si udhiya, dhabihu ya Idi. Mke wa Irshad akamziba mdomo, lakini somo lilikuwa limekwisha.

Nilijua. Yaani, nilikuwa nimewahi kujua. Kila mwaka Mzee alikuwa akirudi uwanjani kwanza ndipo anachinja, na mimi siku zote nilidhani alikuwa akingoja chai.

Irshad akasema haraka kwamba si neno, yupo yule mweusi, baba Ikhlas achinje yule. Mama akasema hapana. Akaja hadi kwenye kiti, akanyoosha mkono, nikampa kisu. Akakiosha mwenyewe bombani. Huku akiosha akanieleza. Irshad ndiye aliyemfuata wiki mbili zilizopita akamwomba kisu nipewe mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Akanunua na yule mbuzi mweusi kwa ajili ya thawabu za Mzee, ili nimchinje mimi kwa kisu cha Mzee, mbele ya watu wote. Mama alikuwa anikabidhi leo, kizingitini, wakishatoka kuswali. Alikuwa ameshawaambia majirani.

"Kilikuwa chako," akasema Mama. "Ungengoja tu khutba iishe."

Akampa Irshad. Irshad akawachinja wote wawili. Kwa yule mweusi alilia waziwazi, wala hakutaja vitunguu. Mimi nilisema naenda kununua makaa. Nekesa akasema makaa yapo.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Tumerudi Kimbo jana jioni. Farhiya haongei nami moja kwa moja. Anaongea kupitia Ikhlas. Ikhlas anafurahia kazi hiyo na huongeza maneno yake.

Ndegwa ameona kiegemeo. Akasema watu wa kanisa wamekaa wakishika shingo kwa mkono, na leo kanisani sadaka itaombwa ya kukitengeneza. Emmah ameuliza kama safari ya Thika ilikuwa nzuri. Mguu mmoja wa mbuzi wangu Nekesa aliupeleka kwa wenzake wa kwaya, na nasikia wamesifu supu. Pembe anazo Ikhlas.

Nimelifikiria jambo lote kwa utulivu na nimegundua. Ulikuwa mtego. Mtu mwenye akili timamu anakwenda kuomba mwenzake apewe kisu? Anajua kabisa mimi siwezi kungoja. Ananijua. Kwa hiyo akanifungulia njia, akakaa pembeni akasubiri nijimalize. Ujanja wa hali ya juu. Nilimweleza Farhiya, yaani nilimweleza Ikhlas amweleze Farhiya. Farhiya akaingia chumbani akafunga mlango.

Kosa langu mimi ni moja tu: nilichelewa kutoka. Ningefika jana yake, haya yote yasingetokea.

Sikuandika jana jambo la mwisho. Wakati tunaondoka, Mama aliniita kizingitini. Akanipa kitu kizito kimefungwa kwa gazeti. Jiwe la kunolea la Mzee. Akasema kisu kitakaa kabatini hadi mwakani, na nikijua kukinoa, nije. Akasema Mzee alitaka sana kunifundisha. Kila akitoa jiwe, mimi nilikuwa nasema naenda makaa. Hakuna aliyewahi kunituma, akasema. Magunia ya makaa yalikuwa yanajaa hadi jikoni na Mzee alikuwa akinicheka, akisema yule bwana mabeseni anaogopa damu, tumwache, siku yake itafika.

Sikumbuki hivyo.

Leo mchana nilifunga duka nikalifungua lile gazeti. Jiwe dogo, la kijivu, limeingia ndani katikati pale mkono wake ulipopita. Niliweka kidole gumba katika lile bonde, kikaenea. Nikakaa nalo. Nilimkumbuka Mzee, alivyokuwa akiniuliza kila Idi kama mabeseni yanatoka, na akisubiri jibu kweli. Nimemkosa yule mzee. Hilo naliandika na silifuti.

Halafu nikajiuliza, kwa nini Irshad ashike kisu, mimi nishike jiwe?

Jumapili, tarehe 8 Juni

Irshad amepiga simu asubuhi. Hakutaja Ijumaa hata kidogo, akauliza tu kama tumefika salama na kama kile kiegemeo kimepata fundi. Amesema amezungumza na Mama. Atakuwa anakuja Kimbo kila Jumapili anifundishe kunoa, pole pole, mwaka ni mrefu, na Idi ijayo kaka utachinja wewe. Nikasema ahsante. Ahsante hiyo ilinigharimu.

Nilipokata simu nilikuwa karibu kumpenda. Nilimwambia hata Farhiya, moja kwa moja, na akajibu moja kwa moja, akaniwekea chai. Kuku Anko alitembea hadi miguuni kwangu. Nikawaza, labda ndivyo watu wanavyoishi.

Kisha picha ikaingia kwenye kundi. Irshad amenunua jiwe lake la kuja nalo. Jipya. Pande mbili, moja ya kukwaruza na moja ya kulainisha, limekaa juu ya kibao chake chenye miguu ya mpira. Amelipiga picha juu ya boneti ya gari. Ni kubwa mara mbili ya langu. Mama ameweka mikono ya dua. Ikhlas, kwa simu ya mamake, ameweka moyo.

Nimelifunga jiwe la Mzee kwa gazeti lake, nikalisukuma chini ya mabeseni ya nyuma kabisa, yale yasiyonunuliwa. Ni dogo mno. Kesho alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, naenda Kamakis kutafuta jiwe kubwa zaidi.